Siku 60 za kudai mshahara hazitoshi

Ndugu Mhariri,

Muuza saruji akimkopesha mkandarasi mifuko 200 na asilipwe, Sheria ya Ukomo inampa miaka 6 ya kufungua kesi, kwa sababu deni lake ni la mkataba. Fundi aliyejenga kwa saruji hiyohiyo asipolipwa ujira wake, anatakiwa awe ameshafika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Mdaiwa ni yuleyule na jengo ni lilelile. Siku hizo 60 zimewekwa na Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 64. Anayepinga kuachishwa kazi amepewa siku 30 tu.

Naandika kuomba muda huo uongezwe kwa madai ya mishahara. Na kwa kuwa kanuni haibadilishwi kwa siku moja, naomba nafasi nieleze pia dai la mshahara linavyoandaliwa hadi pesa zipatikane, maana wengi wanaopoteza madai yao walikuwa na haki yote upande wao.

Siku 60 huisha namna hii. Mwezi wa kwanza mshahara hauji, wafanyakazi wanaambiwa mteja hajalipa, wavumilie. Mwezi wa pili inaingia nusu kwa simu, bila maelezo ni ya mwezi gani. Mwezi wa tatu ni "njoo Jumatatu", na Jumatatu bosi amesafiri. Hapo ndipo mtu anakwenda kwa afisa kazi, barua ya wito inatoka, mwajiri haji, inatoka ya pili. Anapofika CMA siku zimepita, na jambo la kwanza analoulizwa ni tarehe.

Mazungumzo na mwajiri hayasimamishi hesabu ya siku, hata kama yalikuwa ya nia njema na yana ushahidi. Kwenda kwa afisa kazi nako hakuisimamishi. Afisa kazi ana nguvu za kisheria: anaweza kuingia sehemu ya kazi, kukagua vitabu vya mishahara na kumpa mwajiri amri ya kutekeleza sheria. Msaada wake utafutwe, lakini fomu ya CMA ijazwe bila kusubiri majibu yake. Njia salama ni kuhesabu kuanzia siku ya malipo ya mwezi wa kwanza ambao haukulipwa, siyo kuanzia siku uvumilivu ulipoisha. Na kama mtu ameachishwa huku anadai mishahara, aishike ile tarehe fupi ya siku 30 na apeleke yote kwa pamoja.

Aliyechelewa hajafungiwa mlango kabisa. Anajaza Fomu CMA F.2, ya kuomba kusamehewa ucheleweshaji, anaambatanisha kiapo alichoapa mbele ya kamishna wa viapo, na anaiwasilisha pamoja na fomu ya mgogoro wenyewe, CMA F.1. Kiapo ndicho kinachobeba au kuangusha maombi. "Nilikuwa naumwa" haitoshi: kinatakiwa kitaje tarehe ya kulazwa, tarehe ya kuruhusiwa, kiambatanishwe na karatasi za hospitali, halafu kieleze zile siku kati ya kuruhusiwa na kufika Tume zilikwenda wapi. Kila siku ya kuchelewa ina maelezo yake. Sababu mbili ambazo watu huziamini kuliko zote, kwamba hawakuijua sheria na kwamba walikuwa bado wanazungumza na mwajiri, ndizo zinazokataliwa mara kwa mara.

Utetezi unaotangulia mingine yote kwa waajiri ni kwamba "huyu si mfanyakazi wangu". Ataitwa kibarua, wakala, mtu wa nyapara, au fundi aliyepewa kazi ya mkataba. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 imejibu hoja hiyo vizuri, na inasikitisha kwamba haitajwi mara nyingi inavyostahili. Inasema mtu atachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo haya: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, ni sehemu ya shirika lile, amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, anamtegemea mtu huyo kwa kipato, anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Mlinzi aliyepewa sare, tochi na ratiba ya lindo ameshatimiza zaidi ya moja. Mpishi wa hoteli anayelipwa kwa siku naye vilevile. Kazi ya maelezo kwa Tume ni kuyataja hayo kwa mambo yaliyofanyika, siyo kwa kubishana juu ya jina la cheo.

Kukosa mkataba wa maandishi nako hakumwondolei mtu haki. Aliyefanya kazi kwa makubaliano ya mdomo bado ni mfanyakazi mbele ya sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi na kuyatunza kwa miaka 5 baada ya ajira kuisha. Akishindwa kuyaonesha mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unamwangukia yeye. Kwa hiyo mfanyakazi anayesema tuliafikiana shilingi 390,000 kwa mwezi, na mwajiri anayesema zilikuwa 250,000, hawasimami mahali sawa kama mwajiri hana karatasi. Hili lisemwe wazi, kwa sababu wafanyakazi wengi huogopa kwenda CMA kwa kuwa hawakupewa mkataba, na kosa la kutowapa ni la mwajiri.

Sasa nije kwenye kosa linaloumiza kuliko mengine, kwa sababu huonekana mwishoni, mtu akiwa ameshashinda. Ni jina la mwajiri. Kibao cha mlangoni kina jina la biashara. Kampuni yenyewe imesajiliwa kwa jina lingine, au hakuna kampuni, ni mtu mmoja anayefanya biashara kwa jina hilo. Tuzo, yaani uamuzi wa CMA, ikitoka dhidi ya jina la kibao, haitekelezeki, kwa sababu jina la biashara peke yake si mtu mbele ya sheria. Hana akaunti, hana mali, hawezi kukamatiwa chochote. Kusahihisha jina baada ya tuzo ni safari nyingine ya miezi.

Jina sahihi halina ugumu wa kulipata. Risiti ya mashine ya EFD ya duka, hoteli au kiwanda husika ina jina la mlipakodi na TIN yake juu kabisa. Nunua soda hapo, chukua risiti. Leseni ya biashara hutundikwa ukutani. Taarifa ya michango ya NSSF ya mfanyakazi mwenyewe inaonesha jina la mwajiri anayemchangia, na taarifa ya benki inaonesha akaunti iliyokuwa ikituma mshahara. BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, wanatoa taarifa za usajili kwa ada: kampuni ipo au haipo, wakurugenzi ni nani, ofisi iko wapi. Kama ni jina la biashara tu, mlalamikiwa aandikwe mwenyewe kwa jina lake, akifuatiwa na maneno "anayefanya biashara kwa jina la" fulani. Kama kampuni imesajiliwa, liandikwe jina lote hadi neno la mwisho, na "Limited" yake.

Ushahidi wa kazi na mshahara unakusanywa mtu akiwa bado kazini, kwa sababu siku ya kufukuzwa geti hufungwa. Hati za mshahara ni haki: sheria inamtaka mwajiri aambatanishe maelezo ya malipo na makato kila anapolipa. Asipozitoa, taarifa ya benki au ya pesa za simu kwa miezi 12 hufanya kazi hiyo. Ombeni kwa kampuni ya simu taarifa yenye mhuri, kwani picha ya skrini hupingwa kwa urahisi. Meseji za WhatsApp zinapokelewa kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila zichapwe zikiwa na namba na tarehe, na simu yenyewe itunzwe pamoja na laini yake. Anayebadilisha simu na kubaki na karatasi tupu amejinyima uthibitisho kwamba meseji ni za kweli. Piga picha daftari la mahudhurio, ukurasa mzima wenye tarehe, wakati unaposaini, siyo mstari wako peke yake.

Mwajiri akitoa nusu, andika kwenye hati unayosaini: "malipo ya sehemu, mshahara wa Machi, salio shilingi kadhaa". Bila maneno hayo atakuja kusema ile nusu ilikuwa ya kufunga hesabu yote.

Hesabu ndiyo inayofuata, na hapa madai mengi hupungua au huvimba bila sababu. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, siku 6 kwa wiki, saa 45. Jedwali la kwanza la Sheria ya Ajira linagawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki: hapa ni kama 90,000. Gawa kwa siku 6 upate 15,000 kwa siku. Gawa ile 90,000 kwa saa 45 upate 2,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani 3,000. Kazi ya sikukuu ya kitaifa ni mara mbili kwa kila saa. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Walinzi wengi hawajawahi kulipwa nyongeza hiyo, na wengi wao hawajui kwamba ipo.

Mfanyakazi huyo akiwa anadai miezi 3, ni 1,170,000. Kama katika miezi hiyo alifanya saa 36 za ziada zilizoandikwa kwenye daftari, ni 108,000. Kama mwajiri ndiye aliyemwachisha na ametimiza miaka 4, kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, yaani 105,000 mara 4, sawa na 420,000. Jumla 1,698,000, kabla ya notisi na likizo ambayo hakuichukua. Kiinua mgongo hicho hakihesabiwi zaidi ya miaka 10, hakistahiliwi na aliyefanya kazi chini ya miezi 12 wala aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Mwenye kuacha kazi mwenyewe asikiweke kwenye orodha, maana kinafungua mlango wa kuyatilia shaka na yale mengine.

Makato nayo yachunguzwe. Mhudumu wa baa akikatwa bei ya chupa zilizovunjika au mteja aliyekimbia bila kulipa, sheria inataka makato ya hasara yawe yamekubaliwa kwa maandishi, hasara iwe imetokana na uzembe wake akiwa kazini, awe amepewa nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Yaliyokatwa kinyume na hapo ni mshahara usiolipwa na yanadaiwa vilevile.

Andika hesabu yote kwenye karatasi moja: safu ya mwezi, safu ya kilichostahili, ya kilicholipwa, ya salio. Toa nakala 3. Msuluhishi akiiona namba imeshapangwa, mazungumzo huanzia kwenye namba hiyo.

CMA F.1 hupatikana kwenye ofisi za Tume na haina ada. Ofisi ya kuiwasilisha ni ile ya eneo mgogoro ulikotokea, siyo ya eneo mtu alikohamia baada ya kukosa kodi ya nyumba. Ijazwe kwa umakini kuliko karatasi nyingine zote, kwa sababu ndiyo hati ya madai: kisichoandikwa humo hakitolewi baadaye kwenye tuzo. Kuna sehemu ya aina ya mgogoro na sehemu ya matokeo unayoyataka. Mtu akiweka alama kwenye kuachishwa kazi peke yake na kusahau mishahara ya nyuma, atakuja kuambiwa mishahara haikuwa sehemu ya mgogoro. Sehemu B ni ya waliofukuzwa tu. Anayedai mshahara huku bado yuko kazini haijazi. Tarehe ya mgogoro kuanza iandikwe ileile iliyomo kwenye hesabu. Na kwenye matokeo, usiandike "nilipwe haki zangu zote". Andika kila dai na kiasi chake.

Wakiwa wengi, mmoja wao anaweza kusaini fomu kwa niaba ya wenzake, ila iambatanishwe orodha inayosomeka yenye majina kamili na saini za waliomwidhinisha. Orodha iliyochapwa kwa kompyuta bila saini inarudisha kundi zima nyuma. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, siyo yale ya kijiweni, na kila mtu awe na hesabu yake, kwa kuwa tuzo ya jumla isiyogawanywa huzaa ugomvi kati ya wafanyakazi wenyewe.

Nakala ya fomu lazima imfikie mwajiri, na Tume ioneshwe uthibitisho. Bora ni saini na mhuri wake kwenye nakala yako. Akikataa kupokea, itumwe kwa posta ya rejesta na risiti itunzwe, au aliyeipeleka aape kiapo akitaja siku, saa na aliyemkuta. Umuhimu wake ni huu: mwajiri asipotokea kwenye usuluhishi, msuluhishi ana mamlaka ya kutoa uamuzi upande mmoja, lakini mwajiri akija baadaye na kuthibitisha kwamba hakupata wito, uamuzi huo unatenguliwa na mambo yanaanza upya. Mlalamikaji asipofika yeye, dai linaweza kufutwa. Basi limeharibika Chalinze si sababu ya kukaa kimya. Piga simu Tume siku hiyohiyo, na fuata kwa maandishi.

Usuluhishi unatakiwa uishe ndani ya siku 30, isipokuwa pande zote zikikubali kwa maandishi kuongeza. Msuluhishi anawasikiliza wote pamoja, halafu kila upande peke yake. Mfanyakazi anaweza kwenda na wakili, kiongozi wa chama chake (TUICO, CHODAWU, TAMICO au kingine alichojiunga nacho), au mwakilishi aliyemchagua mwenyewe. Dai la mshahara ambao mwajiri anaukubali mara nyingi huishia hapa, na hapa ndipo penye mtego mkubwa: hati ya makubaliano.

Makubaliano yaliyosainiwa mbele ya msuluhishi yana nguvu ya kutekelezwa kama tuzo. Kwa hiyo kila neno lina uzito. "Mwajiri atalipa stahiki zote mapema iwezekanavyo" haitekelezeki, kwa sababu mahakama haijui ni shilingi ngapi wala lini. Hati iseme: jumla 1,698,000, awamu 3 za 566,000 kila moja, tarehe ya kila awamu, akaunti au namba ya simu zitakakoingia, kama kiasi hicho ni kabla au baada ya kodi ya mapato, maana wasiposema, mwajiri atatoa pungufu na kudai kodi imekwenda TRA. Kisha sentensi moja ambayo isikosekane: awamu moja ikipita bila kulipwa, salio lote linadaiwa papo hapo. Bila sentensi hiyo mfanyakazi atalazimika kusubiri kila awamu iive. Angalieni pia maneno "mfanyakazi hana madai mengine yoyote". Kama makubaliano ni ya mishahara ya miezi 3 tu, yaandikwe kwamba yanahusu miezi hiyo na majina ya miezi yatajwe. Cheti cha utumishi kiingizwe humo humo. Ni haki ya kila anayeondoka kazini na hakigharimu kitu.

Kukubali pungufu ili kulipwa leo si kosa. Mtu mwenye watoto shuleni anajua hesabu yake. Kinachohitajika ni ajue amesamehe kiasi gani, na asisamehe kwa ahadi ya mdomo.

Usuluhishi ukishindikana, mfanyakazi hupewa hati ya kuthibitisha hivyo na kuomba shauri liende kwa mwamuzi. Huko ni ushahidi kwa kiapo, mashahidi na maswali, kwa Kiswahili. Tuzo inatakiwa itoke ndani ya siku 30 baada ya kusikilizwa kuisha. Asiyeridhika ana wiki 6 tangu kupokea tuzo kwenda Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba marejeo, yaani tuzo ipitiwe upya. Kufungua marejeo peke yake hakuzuii utekelezaji. Mwajiri anatakiwa aombe na apate amri ya kuusimamisha. Wafanyakazi wengi huambiwa "tumekata rufaa" wakakaa miaka wakisubiri, bila kuuliza kama amri hiyo ipo.

Tuzo si pesa. Inasajiliwa na kutekelezwa Mahakama Kuu kama hukumu, na mwombaji ndiye anayetaja njia: kushikilia akaunti ya benki, kukamata na kuuza mali, au kumpeleka mdaiwa kifungo cha madai. Mahakama haimtafutii mali. Akaunti ndiyo njia nyepesi, na namba yake iko kwenye taarifa ya benki iliyopokea mishahara ya zamani, au kwenye ankara ambazo kampuni huwapelekea wateja. Magari yana hatari: mengi yamesajiliwa kwa majina ya wakurugenzi au yana mkopo wa benki, na dalali wa mahakama akiyakamata, mwenyewe huleta pingamizi na gharama za dalali zikaanza kubishaniwa. Nyumba ya mkurugenzi haikamatwi kwa deni la kampuni mpaka mahakama iridhike kwamba kampuni ilitumika kama kificho cha kukwepa deni, na hilo lina ushahidi wake. Ndiyo maana mfanyakazi akiona mitambo inahamishwa usiku na kibao kinabadilishwa jina, aombe utekelezaji mapema, na aweke kumbukumbu ya nani amechukua nini.

Michango ya NSSF isiyopelekwa ni jambo la kupeleka NSSF. Mfuko una mamlaka ya kumdai na kumshtaki mwajiri. Kuiingiza kwenye dai la kulipwa mkononi huzaa ubishi wa mamlaka unaochelewesha na mshahara.

Niseme pia kwamba haya ni ya sekta binafsi Tanzania Bara. Mtumishi wa umma, akiwemo wa halmashauri, tangu marekebisho ya 2016 anatakiwa kwanza amalize njia za Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kutumia sheria za kazi. Wapo waliofungua CMA na kurudishwa baada ya mwaka. Zanzibar ina sheria zake za 2005 na chombo chake.

Nirudi kwenye ombi. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, imeweka miaka 3 kwa madai yatokanayo na mkataba wa kazi. Uchumi wao haujaanguka kwa hilo. Hoja ya kuwa na muda mfupi naielewa: ushahidi hupotea, na mwajiri asiandamwe na madai ya kale. Kwa mtu anayepinga kufukuzwa na anataka kurudishwa kazini, haraka ina maana, kwani nafasi yake huenda ikajazwa. Mshahara ni deni la namba. Na mwenye kumbukumbu za deni hilo ni mwajiri, aliyeamriwa na sheria hiyohiyo kuzitunza miaka 5. Kumfungia mfanyakazi siku ya 61 wakati vitabu bado vimo kabatini kwa miaka mitano mbele hakuna sababu ya ushahidi inayoweza kukutetea. Na kuna ubaya zaidi: muda mfupi unamlipa mwajiri anayedanganya. Kila "vumilieni mwezi ujao" inamsogeza karibu na kusamehewa, na anayeumia ni yule aliyemwamini na kuendelea kufanya kazi bila kwenda kumshtaki.

Wizara yenye dhamana na kazi inaweza kuanza na kanuni hii moja, bila kugusa sheria mama: madai ya mishahara na malipo mengine yatokanayo na kazi iliyokwishafanyika yapewe miaka 3. Wakati tunasubiri, afisa kazi anayepokea malalamiko amwandikie mlalamikaji siku hiyohiyo tarehe yake ya mwisho ya kufika CMA. Na kwa kuwa Sheria ya Ajira inamtaka kila mwajiri abandike mahali panapoonekana maelezo ya haki za wafanyakazi, bango hilo liwe na mstari mmoja wa herufi kubwa juu kabisa: siku 30 kwa kuachishwa, siku 60 kwa mshahara, na chini yake mtaa na namba ya simu ya ofisi ya CMA ya mkoa huo.

Wako,
Mwakilishi wa wafanyakazi,
Ilala, Dar es Salaam